Althea Gibson, Bingwa wa Tenisi Aliyetoka Mtaani

Hapa Eldoret ukitaja neno bingwa, kila mtu anafikiria mbio. Ni haki yetu, maana wanariadha wa upande huu wameijaza dunia sifa. Lakini leo nataka nikusimulie habari za bingwa wa mchezo mwingine, mchezo ambao wengi wetu tunauona tu kwa televisheni ya jirani. Mchezo wenyewe ni tenisi na bingwa ni Althea Gibson. Najua kuna wenzangu darasani wanaobisha kwamba watu weusi walianza kushinda tenisi siku za Venus na Serena Williams. Hebu wasome mpaka mwisho.

Althea alizaliwa tarehe 25 Agosti 1927 mahali panapoitwa Silver, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Wazazi wake, Daniel na Annie Bell, walikuwa wakilima pamba katika shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno, karibu sawa na maskwota wa huku kwetu zamani. Pamba ilipokosa bei, jamaa hiyo ilihamia New York mwaka wa 1930, ikapanga nyumba Harlem, mtaa wa watu weusi. Yeye ndiye aliyekuwa kifungua mimba kati ya watoto watano.

Sisi wa Langas hatuhitaji kuelezwa sana Harlem ilikuwaje. Watu wengi, kodi ya nyumba, watoto kila mahali na uwanja hakuna. Ila kulikuwa na jambo moja zuri. Barabara ya 143, pale walipokaa, ilifungwa magari yasipite mchana ili watoto wacheze katikati ya lami. Fikiria mtu afunge barabara kule Kisumu Ndogo, matatu zizunguke kwingine kwa sababu watoto wanacheza! Hapo ndipo Althea alijifunza mchezo unaofanana na tenisi, ila uwanja wake ni mdogo na mpira hupigwa kwa kibao badala ya raketi ya nyuzi. Mwaka wa 1939, akiwa na miaka 12, alikuwa bingwa wa wanawake wa mchezo huo katika jiji zima la New York.

Shuleni mambo hayakuwa mazuri. Althea alihepa masomo kila wakati, akaenda sinema, akacheza mpira wa vikapu, na babake akamfundisha hata ndondi ili asionewe mtaani. Mwishowe aliacha shule kabisa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na pengine majirani wa Harlem walikata tamaa naye. Lakini si wote. Mwanamuziki mmoja, Buddy Walker, aliyekuwa akisimamia michezo ya watoto pale barabarani, alimpa raketi za mitumba. Halafu majirani wakachanga pesa, kama harambee yetu tu, akalipiwa uanachama na mafunzo katika Cosmopolitan, klabu ya tenisi ya watu weusi. Mwalimu wake huko, Fred Johnson, alikuwa na mkono mmoja. Mimi sehemu hii ndiyo inayonifurahisha kuliko zote.

Wakati huo tenisi ya Marekani ilikuwa imegawanywa kwa rangi. Wazungu walikuwa na chama chao na weusi chao. Katika chama cha weusi Althea alishinda ubingwa wa wasichana mwaka wa 1944 na 1945. Mwaka wa 1946 alishindwa katika fainali ya wanawake, lakini madaktari wawili weusi waliokuwa wakipenda tenisi, Hubert Eaton na Walter Johnson, walimwona na kukubaliana kumlea. Siku za masomo alikaa kwa Daktari Eaton huko Wilmington, North Carolina, na likizo akawa kwa Daktari Johnson huko Virginia. Sharti lilikuwa arudi shule. Basi akarudi sekondari akiwa na miaka 19, akaketi na watoto wadogo kwake, akamaliza mwaka wa 1949. Baadaye alipata digrii katika chuo cha Florida A&M mwaka wa 1953. Kwa upande wa tenisi, kuanzia 1947 hadi 1956 alichukua ubingwa wa wanawake weusi mara 10 mfululizo bila kupumzika.

Sasa tatizo. Ubingwa huo wazungu hawakuuhesabu. Mashindano makubwa ya Marekani yalichezwa Forest Hills, New York, safari fupi tu kutoka Harlem, lakini ilikuwa kama yako mwezini. Ili ualikwe ulitakiwa kwanza kucheza katika klabu za wazungu, na klabu hizo hazikumruhusu mtu mweusi mlangoni. Wazee wetu wanaojua klabu za masetla zilivyokuwa wakati wa mkoloni wataelewa mara moja. Aliyevunja kimya ni mzungu, Alice Marble, bingwa wa zamani. Mwezi wa Julai 1950 aliandika katika gazeti la tenisi akiwaaibisha wenzake waziwazi kwa unafiki wao. Mwezi uliofuata Althea akaalikwa, mweusi wa kwanza katika mashindano hayo.

Alishinda mchezo wa kwanza. Wa pili akapangwa na Louise Brough, aliyekuwa ametoka kushinda Wimbledon mwaka huo huo. Watu walijua kazi imeisha. Kweli Brough alichukua seti ya kwanza 6-1. Althea akachukua ya pili 6-3. Katika seti ya tatu Althea akaongoza 7-6, yaani alibakisha kidogo sana amwangushe bingwa. Mara mbingu ikafunguka! Mvua ya radi ilinyesha mpaka radi ikaangusha sanamu ya tai iliyokuwa juu ya uwanja. Mchezo ukaahirishwa hadi kesho yake. Usiku ule sijui kama alilala. Kesho yake Brough alishinda michezo mitatu ya haraka haraka na kumaliza 9-7. Kuna wanaosema mvua ndiyo iliyomnyima. Mimi naona mvua haikucheza tenisi, ila usiku mzima wa kungoja ukiwa na miaka 23, dunia yote ikikuangalia, si mchezo.

Baada ya hapo mambo yalienda polepole. Alicheza Wimbledon mwaka wa 1951, mweusi wa kwanza tena, hakushinda. Alifundisha michezo katika chuo kimoja huko Missouri na akafikiria kuacha tenisi aingie jeshi. Kilichomwokoa ni safari ya kucheza Asia mwaka wa 1955 na 1956, aliyotumwa na serikali ya Marekani. Alirudi akiwa moto. Mwaka wa 1956 alishinda ubingwa wa Ufaransa, na hakuna mtu mweusi aliyekuwa amewahi kushinda taji kubwa namna hiyo. Wakati huo pia alipata rafiki, Angela Buxton, Mwingereza wa Kiyahudi ambaye naye alijua kubaguliwa. Wakacheza wawili wawili na kushinda Ufaransa na Wimbledon.

Mwaka wa 1957 ndio mwaka wake. Hapa Kenya, mwezi wa Machi, Waafrika walichaguliwa kwa kura kwa mara ya kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Mwezi wa Julai, kule Wimbledon, Althea alimshinda Darlene Hard 6-3, 6-2. Aliyemkabidhi zawadi ni Malkia Elizabeth, yule yule aliyepata habari za kifo cha babake akiwa hapa Kenya mwaka wa 1952. Zawadi ya wanawake Wimbledon ni sinia la fedha, si kikombe. Aliporudi New York alipitishwa Broadway kwa gari la wazi huku akimwagiwa vipande vya karatasi kutoka madirishani, heshima ambayo kabla yake mweusi aliyewahi kupewa ni Jesse Owens tu. Lakini mwezi huo huo, karibu na Chicago, hoteli zilimnyima chumba kwa sababu ya rangi yake. Mwezi wa Septemba akashinda Forest Hills kwa kumpiga Louise Brough, yule yule wa siku ya mvua, 6-3, 6-2. Mwaka wa 1958 alirudia yote mawili, Wimbledon na Marekani. Jumla ni mataji makubwa 11: matano peke yake, matano ya wawili wawili na moja akicheza na mwanamume.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Basi niulize, Althea alitunzwa nini? Siku hizo tenisi kubwa ilikuwa ya ridhaa. Mshindi alipewa nauli, chakula na sinia. Pesa za zawadi Wimbledon zilianza mwaka wa 1968, na bingwa wa wanawake, Billie Jean King, alipata pauni 750. Linganisha na Pamela Jelimo wetu wa Nandi, ambaye mbio zake za mwaka wa 2008 zilimpa dola milioni moja kwa msimu mmoja. Althea aliacha tenisi ya ridhaa akiwa bado bingwa, kwa sababu sinia haliliwi. Alirekodi nyimbo, akaigiza katika filamu mwaka wa 1959, akazunguka na timu ya vikapu ya Harlem Globetrotters akicheza tenisi kabla ya mechi zao. Mwaka wa 1964, akiwa na miaka 37, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kujiunga na gofu ya kulipwa. Hakushinda shindano hata moja, na klabu nyingine zilimkatalia chumba cha kubadilishia nguo, akavalia viatu ndani ya gari.

Baadaye alifanya kazi za michezo katika jimbo la New Jersey, kisha maradhi yakamwandama. Miaka ya 1990 alikuwa mgonjwa, hana pesa za dawa wala kodi, amejifungia nyumbani. Alimpigia simu Angela Buxton kumwaga. Angela hakukubali. Alipeleka barua kwa gazeti la tenisi, na wapenzi wa mchezo kutoka nchi nyingi wakatuma pesa karibu dola milioni moja. Harambee ya pili hiyo.

Mwaka wa 2019 sanamu yake iliwekwa katika uwanja wa mashindano ya Marekani, na mwaka wa 2025 picha yake ikachapwa kwenye sarafu ya robo dola. Yeye hakuyaona hayo. Alichokiona ni Venus Williams akishinda Wimbledon mwaka wa 2000, mwanamke mweusi wa kwanza baada yake, miaka 42 ikiwa imepita. Althea Gibson alifariki tarehe 28 Septemba 2003 huko East Orange, New Jersey, akiwa na miaka 76, akazikwa kando ya Will Darben, mume wake wa kwanza.