Siti binti Saad: Sauti iliyobaki kwenye santuri

Siti binti Saad, gwiji wa taarabu, ni miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kusikika katika santuri.

Alizaliwa karibu mwaka 1880 kijijini Fumba, Unguja, katika familia yenye asili ya utumwa, akapewa jina la Mtumwa. Alikuwa akiuza vyungu huku akiimba kuwaita wateja. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza muziki, na kuiimba taarabu kwa Kiswahili mahali ambapo Kiarabu kilitawala.

Mwaka 1928 alivuka bahari na wanamuziki wake hadi Bombay, India, kurekodi. Santuri za zama zile zilikuwa za shelaki, zikizunguka mara 78 kwa dakika. Upande mmoja ulibeba takriban dakika 3 tu, hivyo wimbo mrefu ulilazimika kufupishwa au kugawanywa. Santuri ndefu za vinili, zenye mikwaruzo michache, ziliingia sokoni Marekani mwaka 1948. Siti alifariki dunia Julai 8, 1950.

Leo msikilizaji aliye Tunduma, mpakani na Zambia, anaweza kumsikia kwa simu. Nakala ya kidijitali haichakai kwa kuchezwa, ilhali santuri huliwa na sindano. Hata hivyo, usafishaji wa mikwaruzo ukizidishwa huondoa pia sehemu ya sauti ya mwimbaji, wala hakuna mtambo unaoweza kurejesha kile ambacho hakikunaswa Bombay. Nakala ya mwisho ya santuri kuukuu ikivunjika kabla ya kunakiliwa, wimbo huo wa Siti hautasikika tena.