Percy Spencer: Fundi wa simu ya upepo aliyegeuza rada kuwa jiko

UKIINGIA jikoni katika hoteli nyingi za mjini Moshi, na hata katika baadhi ya nyumba za Uru, utalikuta lile jiko dogo la umeme la kupashia chakula, maikrowevu. Halina moto wala moshi, na ndani ya dakika mbili kiporo kimepata moto. Wengi wanaolitumia hawajui kwamba jiko hilo ni mtoto wa rada ya vita, na kwamba aliyelileta duniani hakumaliza hata shule ya msingi. Ufundi wake aliupata kwenye jeshi la majini, akautumia uraiani kwa muda uliobaki wa maisha yake.

Mtu huyo ni Percy Spencer, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1894 katika kijiji cha Howland, jimbo la Maine, eneo la misitu, baridi kali na viwanda vya mbao. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu tu baba yake alipofariki. Mama yake alishindwa kumlea, akamwacha kwa shangazi na mjomba. Alipofikisha miaka saba, mjomba naye akafa. Kuanzia hapo ni shangazi na mtoto, na kazi za vibarua za hapa na pale.

Akiwa na miaka 12 aliacha shule na kuajiriwa kiwandani, mahali walipotengeneza vigurudumu vya mbao vya kuzungushia nyuzi. Alikuwa akiingia alfajiri na kutoka jua limezama. Maisha hayo aliyaishi kwa miaka minne, na yangeweza kuendelea hivyo hadi uzee, kama yalivyoendelea kwa wenzake wengi.

Kilichomtoa huko ni umeme. Alisikia kwamba kiwanda kimoja cha karatasi cha jirani kilikuwa kinataka kuanza kutumia umeme, na kwamba katika eneo lote hilo ilikuwa shida kumpata mtu anayeufahamu. Spencer naye hakuufahamu, lakini alianza kusoma chochote alichokipata kuhusu umeme. Alipoomba kazi alikuwa anajua kiasi cha kutosha kuwa mmoja wa watu watatu waliofunga nyaya katika kiwanda hicho.

Mwezi Aprili mwaka 1912 meli ya Titanic ilizama, na dunia nzima ikasoma habari za vijana wa simu ya upepo waliokaa kwenye mitambo yao wakiomba msaada baharini mpaka mwisho. Spencer, aliyekuwa anakaribia miaka 18, alivutiwa na kazi ile. Alijiunga na jeshi la majini la Marekani kwa lengo moja, kujifunza simu ya upepo.

Wengi huingia jeshini na kutoka na kile walichofundishwa, basi. Spencer alitoka na zaidi ya hapo. Usiku, akiwa kwenye zamu ya kulinda mitambo, alisoma vitabu vya hesabu, fizikia, kemia na elimu ya vyuma. Hakuwa na mwalimu wala mtihani. Mchana mitambo ile ile ikiharibika aliifungua, na hapo alipata nafasi ya kuona kama kitabu kinasema kweli.

Itakumbukwa kwamba redio za wakati huo zilikuwa chache, nazo zilikuwa mali ya majeshi, meli na serikali. Mtu aliyezijua kwa ndani alikuwa na bidhaa adimu mkononi. Swali lilikuwa nani uraiani angeinunua. Spencer alipoacha jeshi alipata kazi katika kampuni ya Wireless Specialty Apparatus ya Boston, iliyotengeneza vifaa vya simu ya upepo. Kwa hiyo hakubadili fani, alibadili mwajiri tu. Askari wengi wenye ufundi hupotelea hapo: wanatoka jeshini na kuanza biashara wasiyoijua, na kile wanachokijua wanakiacha lango la kambi.

Katikati ya miaka ya 1920 alihamia kampuni changa iliyoanzishwa mwaka 1922 mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, ambayo baadaye ilijulikana kama Raytheon. Wenye kampuni walikuwa wasomi, akiwamo Vannevar Bush. Bidhaa iliyowapatia soko ilikuwa valvu iliyowezesha redio ya nyumbani kutumia umeme wa ukutani badala ya betri. Mtu yeyote aliyewahi kuanika betri za redio juani ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari ataelewa kwa nini valvu hiyo iliuzika.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1940 wanasayansi wa Uingereza, John Randall na Harry Boot wa Birmingham, walitengeneza magnetroni, kifaa cha kutoa mawimbi mafupi yenye nguvu kubwa ajabu. Ndicho kilichokuwa moyo wa rada mpya. (Watanzania wengi neno rada wanalijua zaidi kwa ile chenji yake, lakini kazi yake hasa ni kuona ndege au meli kwa mawimbi kabla jicho halijaiona.) Mwezi Septemba mwaka huo Waingereza waliipeleka Marekani kwa siri, wakitafuta viwanda vya kuitengeneza kwa wingi.

Tatizo lilikuwa kuitengeneza. Ilichongwa kutoka kwenye bonge zima la shaba nyekundu, na fundi hodari wa mashine ya kukereza aliweza kutumia karibu wiki nzima kumaliza moja. Vita haviwezi kusubiri hivyo. Raytheon ilikuwa kampuni ndogo ikilinganishwa na majabali yaliyoitaka kazi hiyo, lakini ilikuwa na Spencer. Yeye alipendekeza kuachana na bonge. Akasema shaba ikatwe kwa mashine katika vipande vyembamba vyenye umbo linalotakiwa, kama mtu anavyokata maandazi, kisha vipangwe kimoja juu ya kingine na kuunganishwa kwa kuyeyushwa pamoja katika tanuri. Kazi iliyohitaji fundi bingwa ikawa inafanywa na wafanyakazi wa kawaida, wakiwamo wanawake wengi waliofundishwa kwa muda mfupi. Uzalishaji ulipanda hadi kufikia magnetroni 2,600 kwa siku. Sehemu kubwa ya magnetroni za vita zilitoka Raytheon, na jeshi la majini lilimpa Spencer nishani ya juu ya utumishi kwa raia.

Kwa mtazamo wa uchumi huo ndio ugunduzi wake mkubwa, ingawa hausimuliwi sana. Kinachosimuliwa ni peremende.

Mwaka 1945, akiwa amesimama karibu na magnetroni iliyokuwa ikifanya kazi, Spencer aligundua kwamba peremende ya chokoleti na karanga iliyokuwa mfukoni mwake imeyeyuka. Si yeye wa kwanza kuona jambo la namna hiyo. Wenzake walishahisi joto karibu na mitambo ile. Yeye alitaka kujua sababu. Alituma mtu akaletewa punje za mahindi ya bisi, akaziweka mbele ya mawimbi, zikaanza kurukaruka chumbani. Kesho yake likawa zamu ya yai. Inasimuliwa kwamba mwenzake aliyeinama kulichungulia alipasukiwa nalo usoni.

Mawimbi hayo husukasuka chembe za maji zilizomo ndani ya chakula, nazo zikisuguana hutoa joto. Ndiyo maana sahani huweza kubaki vuguvugu wakati mchuzi unachemka.

Wakati huo vita vilikuwa vinaisha, na oda za jeshi zilikatika ghafla. Kampuni ilikuwa na mitambo na mafundi wengi lakini haina mteja. Hali hiyo haikuwa ya Marekani pekee. Huku kwetu nako askari wa KAR walikuwa wanarudi kutoka Burma, vijana wa Kilimanjaro wakiwamo, na baadhi yao walikuwa wamejifunza udereva, ufundi wa magari na kazi za mawasiliano. Waliobahatika walipata lori la kuendesha au karakana ya kufanyia kazi. Wengine walirudi kwenye kihamba na jembe, ufundi wao ukafa nao.

Raytheon iliwasilisha maombi ya hataza, yaani hati ya kumlinda mgunduzi, Oktoba mwaka 1945, na ilitolewa mwaka 1950. Jiko la kwanza liliingia sokoni mwaka 1947 kwa jina la Radarange. Lilikuwa refu kama mtu mzima, lenye uzito wa kilo zipatazo 340, sawa na magunia matatu ya mahindi na ushei, na lilihitaji bomba la maji la kulipoza. Bei yake ilikuwa maelfu ya dola. Wanunuzi walikuwa mahoteli makubwa, meli na reli. Mama wa nyumbani hakuwa na habari nalo.

Miaka 20 ilipita hivyo. Mwaka 1955 kampuni ya Tappan, ikitumia teknolojia ya Raytheon, ilitoa la nyumbani kwa dola 1,295, bado bei ya kumkimbiza mteja. Mwaka 1965 Raytheon ilinunua kampuni ya Amana, iliyojua kuuza majokofu kwa watu wa kawaida, na mwaka 1967 likatoka jiko la kuweka juu ya meza kwa dola 495. Hapo ndipo biashara ilipoanza kweli. Kitu kilekile kililala miongo miwili kwa sababu ya bei na ukubwa, si kwa sababu hakikufanya kazi.

Na Spencer alipata nini? Kwa hataza ile kampuni ilimlipa dola 2, kiwango ilichomlipa kila mfanyakazi aliyegundua kitu. Hakukuwa na gawio la mauzo. Mkulima wa kahawa wa Uru, anayejua bei ya kilo yake na bei ya kikombe kimoja huko Ulaya, hahitaji kufafanuliwa hesabu ya aina hiyo. Hata hivyo haitakuwa haki kusema aliachwa mikono mitupu. Alipanda hadi kuwa makamu mwandamizi wa rais wa Raytheon na mjumbe wa bodi, akiwaongoza wahandisi wenye digrii. Chuo Kikuu cha Massachusetts kilimtunuku udaktari wa heshima, yeye aliyetoka darasani akiwa na miaka 12.

Alifariki Septemba mwaka 1970 akiwa na miaka 76, miaka mitatu baada ya jiko lake kupata bei ambayo familia ya kawaida ya Kimarekani ingeweza kuifikiria. Mwaka 1999 jina lake liliingizwa katika orodha ya kitaifa ya heshima ya wagunduzi wa nchi hiyo.