Maisha ya Isabella, Aliyejiita Sojourner Truth

Watu wengi wakisikia habari za utumwa wa Marekani, mara huwaza mashamba ya pamba ya kusini, kule Alabama na Georgia na Mississippi. Nasi walimu tumezoea kuwafundisha watoto hivi: kusini walikuwako watumwa, kaskazini walikuwako watu huru, wakapigana vita tangu 1861 hata 1865, na kusini wakashindwa. Habari hii si uongo, lakini imekatwa nusu. Mwanamke ambaye maisha yake yaandikwa hapa alizaliwa mtumwa huko kaskazini, akauzwa kaskazini, akapigwa kaskazini, na alama za fimbo alizokwenda nazo kaburini alizipata katika jimbo la New York.

Alizaliwa yapata mwaka 1797 katika wilaya ya Ulster, karibu na mto Hudson, akapewa jina la Isabella. Wenyeji wa nchi ile walikuwa wazao wa Waholanzi, ambao ndio walioujenga mji wa New York kwanza, nao ndio walioleta watumwa wa kwanza kutoka Afrika, yapata mwaka 1626. Waingereza walipoutwaa mji hawakuubadili utumwa, bali waliuzidisha. Watu wa Marekani walipohesabiwa mwaka 1790, jimbo la New York peke yake lilikuwa na watumwa 21,324, na hakuna jimbo jingine la kaskazini lililokuwa na wengi kama hao. Hawakukaa mia kwa mia katika shamba moja kama watumwa wa kusini. Nyumba hii ilikuwa na wawili, ile ilikuwa na watano, wakalala jikoni, au darini, au chini ya nyumba. Labda ndiyo sababu wakasahauliwa upesi.

Baba yake Isabella aliitwa James, naye kwa urefu wake watu walimpa jina la Kiholanzi linalomlinganisha na mti. Mama yake aliitwa Elizabeth. Walikuwa mali ya mzee mmoja, Johannes Hardenbergh, na alipokufa wakarithiwa na mwanawe. Huyu aliwaweka watumwa wake wote katika chumba kimoja chini ya nyumba yake, wanaume kwa wanawake na watoto. Sakafu ilikuwa mbao zilizolazwa juu ya udongo, na chini ya mbao palikuwa na maji na matope. Hapo ndipo Isabella alipolelewa. Mama yake alikuwa amezaa watoto wapatao kumi, na karibu wote walikwisha uzwa. Usiku aliwatoa nje watoto waliobaki, akawaonyesha nyota, akawaambia kwamba yuko Mungu juu awasikiaye, na kwamba nyota zile zile zawaangazia ndugu zao waliopelekwa mbali. Katika nyumba ile hapakuwa na mtu mwingine aliyejisumbua kuwafundisha neno la dini.

Isabella alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, bwana wao akafa, na mali yake ikapigwa mnada. Msichana aliuzwa pamoja na kundi la kondoo, wote kwa dola 100. Aliyemnunua aliitwa John Neely, naye alijua Kiingereza tu, na Isabella alijua Kiholanzi tu. Akitumwa kuleta kikaango, huenda akaleta kulabu za kutundikia vyungu, kwa maana hakuelewa alichoambiwa. Kwa kosa hilo alipigwa mara nyingi. Jumapili moja asubuhi Neely alimpeleka zizini, akampiga kwa fito zilizofungwa pamoja hata damu ikatiririka. Wasomaji waliowahi kumwadhibu mtoto darasani kwa kutojua lugha ya mwalimu wakae kidogo hapa kabla ya kuendelea.

Mwaka 1808 akauzwa kwa mwenye nyumba ya wageni huko Port Ewen, kwa dola 105, na mwaka 1810 akauzwa tena kwa John Dumont, kwa dola 175. Kwa Dumont alikaa miaka kumi na sita. Akakua mrefu mwenye nguvu, na bwana wake alijisifu mbele ya wageni kwamba mwanamke huyu hufua nguo za nyumba usiku kucha, na asubuhi yuko shambani na wanaume. Akapendana na kijana jina lake Robert, mtumwa wa jirani. Lakini mwenye Robert hakutaka, kwa sababu watoto wao wangekuwa mali ya Dumont wala si yake. Basi akamvizia kijana alipokuja kumtazama Isabella, akampiga vibaya, na mapenzi yakaishia hapo. Baadaye Isabella aliozwa mzee mwenzake wa utumwa, Thomas. Watoto wake walikuwa watano, na mmoja alikufa angali mdogo.

Hapa yatupasa kueleza sheria, maana bila hiyo mengine hayafahamiki. Jimbo la New York halikuuvunja utumwa kwa siku moja. Sheria ya mwaka 1799 ilisema kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 4 Julai mwaka ule atakuwa huru, lakini kwanza amtumikie bwana wa mama yake, mwanamke hata umri wa miaka 25, mwanamume hata miaka 28. Waliozaliwa kabla ya siku ile walibaki watumwa, mpaka sheria ya pili, ya mwaka 1817, ilipoagiza kwamba nao wawe huru tarehe 4 Julai 1827. Hivyo wenye watumwa walipewa muda mrefu wa kufaidi jasho lao. Na kwa kuwa sheria ilikataza kuwatoa watumwa nje ya jimbo, wako waliowauza kusini kwa siri kabla ya siku kufika.

Dumont alimwahidi Isabella uhuru mwaka mmoja kabla ya siku ya sheria, kama akifanya kazi kwa bidii. Isabella akaumia mkono mwaka ule, na siku ilipofika bwana akaikana ahadi yake, akasema kwamba mkono ule umempunguzia kazi. Isabella hakugombana. Alibaki mpaka alipomaliza kusokota ratili 100 hivi za sufu, alizoona kuwa ni haki ya bwana, kisha alfajiri moja mwishoni mwa mwaka 1826 akamchukua mtoto wake mchanga, na chakula kidogo katika kitambaa, akaenda zake. Wengine aliwaacha, kwa sababu walifungwa na sheria ile tuliyoieleza. Akapokewa na mtu na mkewe, jina lao Van Wagenen. Dumont alipomfuata, Isabella alimwambia kwamba hakutoroka, aliondoka mchana watu wakiona. Van Wagenen akatoa dola 20 kwa kazi ya mama na dola 5 kwa ya mtoto, na Isabella alipotaka kumwita bwana, akamkataza, akamwambia kwamba Bwana ni mmoja tu, naye ni Bwana wao wote wawili.

Kabla ya hayo, Dumont alikuwa amekwisha muuza Peter, mwana wa Isabella, mtoto wa miaka mitano hivi. Mtoto akapita mikono ya ndugu wawili waitwao Gedney, akafika kwa shemeji yao huko Alabama, ambako hakuna sheria iliyoweza kumpa uhuru maisha yake yote. Isabella aliposikia, alikwenda kwa mke wa Dumont, kisha kwa mama wa akina Gedney, nao wote wawili wakamcheka kwa kulia hivyo kwa ajili ya mtoto mmoja. Watu wa dhehebu la Quaker wakamwonyesha njia ya korti ya Kingston. Aliambiwa apeleke mashtaka mbele ya baraza kuu, naye hakuwahi kuingia kortini. Akadhani mkuu ni mtu, akamtazama mwenye sura ya fahari kupita wote mle ndani, akamwendea yeye. Watu walicheka, lakini mashtaka yaliandikwa.

Kesi ilichukua miezi mingi. Isabella alikwenda na kurudi kwa miguu, akaomba fedha kwa watu wema, akapata wakili. Gedney akaogopa adhabu, akasafiri mpaka Alabama, akamrudisha mtoto. Mwaka 1828 Peter aliletwa mbele ya hakimu. Alipomwona mama yake alipiga kelele, akasema hamjui, na kovu la usoni akasema ni teke la farasi, kwa maana alikuwa amefundishwa kusema hivyo. Hakimu hakudanganyika, akamtoa kwa mama yake. Nyumbani Isabella akamvua shati, akaona mgongo mzima umejaa makovu.

Hatuna budi kuipima kazi hii ilivyokuwa. Mwanamke mweusi, asiyejua kusoma wala kuandika, aliyekuwa mtumwa mpaka juzi, alimshtaki mzungu mwenye mali katika korti ya wazungu, akashinda. Ni mmoja wa wanawake weusi wa kwanza kupata hukumu kama hiyo huko Marekani.

Yapata mwaka 1829 alihamia mji wa New York, akafanya kazi za nyumbani. Peter alipokua akaingia katika merikebu ya kuvua nyangumi, mwaka 1839. Zilifika barua chache, kisha merikebu ikarudi mwaka 1842 bila yeye, wala habari zake hazikusikika tena. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, siku za Pentekoste, mama yake aliliacha jina la utumwa, akajiita Sojourner Truth, maana yake Mgeni apitaye na Kweli, akatoka kwenda kuhubiri. Kitabu cha maisha yake, alichomsimulia rafiki akakiandika, kilitoka mwaka 1850.

Hotuba yake inayojulikana zaidi aliitoa Akron, Ohio, Mei 1851, katika mkutano wa kutetea haki za wanawake. Gazeti moja liliichapa mwezi uliofuata, kwa Kiingereza cha kawaida. Lakini miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1863, mwanamke aliyeusimamia mkutano ule aliiandika upya, akamsemesha Isabella kwa lafudhi ya watumwa wa kusini, akampa na watoto kumi na watatu. Msichana aliyepigwa kwa sababu alijua Kiholanzi tu! Naona hapo wilaya ya Ulster ilifutwa kinywani mwake, na mamilioni ya wasomaji wakaendelea kudhani kwamba alitoka kusini.

Na sisi wa pwani hii tuna kipande chetu katika habari hiyo. Nguo ya amerikani waliyoivaa bibi zetu ilipata jina lake kwa sababu ililetwa Unguja na merikebu za Salem, mji wa Massachusetts. Ilifumwa katika viwanda vya kaskazini kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini. Kaskazini palikuwa pamekwisha acha kumiliki watu, lakini faida ilizidi kuingia.

Wakati wa vita alikusanya chakula na nguo kwa askari weusi, akaenda Washington kuwahudumia waliotoka utumwani. Tarehe 29 Oktoba 1864 alionana na rais Abraham Lincoln. Mwaka uliofuata mtoza nauli wa gari la abiria la mji ule alimsukuma ili ashuke, akamtegua bega. Sojourner akamshtaki, na yule akapoteza kazi. Alifariki Battle Creek, Michigan, tarehe 26 Novemba 1883, akiwa na umri wa miaka 86 hivi, ingawa jiwe la kaburi lilimpa 105.

Hati za kesi ya Peter zilidhaniwa kuwa zimepotea, maana ziliandikwa kwa jina la Isabella Van Wagenen wala si kwa jina lililovuma. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba zimeonekana katika hifadhi ya jimbo la New York, kurasa nane zilizoandikwa kwa mkono. Na huko Port Ewen, tangu 2013, imesimama sanamu yake, wala si ya mhubiri mzee mwenye miwani kama picha zake zijulikanavyo. Ni msichana wa miaka kumi na mmoja hivi, amebeba magudulia mawili, yuko njiani kurudi kwa bwana wake.