Enrico Caruso: Aliapa hataimba kwao tena, akarudi kufia huko

Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1921, katika hoteli moja kando ya bahari mjini Naples, kusini mwa Italia, alifariki dunia mwimbaji mwenye umri wa miaka 48. Jina lake Enrico Caruso. Siku ya mazishi watu walijaa barabarani kwa maelfu, na Mfalme wa Italia akaruhusu ibada ifanyike katika kanisa la kifalme la San Francesco di Paola. Mji ulimlilia kama mtoto wake. Na kweli alikuwa mtoto wake. Lakini kwa karibu miaka 20 mji huo ulikuwa haujamsikia jukwaani, kwa sababu mwenyewe alikataa.

Caruso alizaliwa Naples tarehe 25 Februari 1873, katika familia ya kimaskini. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo na alitaka mwanawe ashike kazi hiyohiyo, hivyo kijana akaingia kazini akiwa bado mdogo. Mama yake alifariki mwaka 1888, Enrico akiwa na miaka 15. Aliimba kwaya kanisani, akaimba mikahawani na mitaani, popote palipopatikana chochote. Ipo picha yake ya zamani amejifunga shuka kama vazi la heshima. Inasimuliwa kwamba shati lake la pekee lilikuwa limefuliwa siku hiyo.

Alichoimba kiliitwa opera. Kwa msikilizaji wetu asiyeijua, huo ni mchezo wa jukwaani ambao wahusika huimba badala ya kusema, huku kundi kubwa la wapiga ala likiwasindikiza. Enzi hizo hapakuwa na kipaza sauti. Mwimbaji alitakiwa asikike juu ya ala zote hadi kiti cha mwisho, kwa pumzi zake tu. Ni kama kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, ila unamwita kwa sauti tamu, na usiku mzima.

Mwishoni mwa Desemba 1901, akiwa tayari amepata jina kwingineko, Caruso alialikwa kuimba San Carlo, jumba kubwa la opera la Naples. Mchezo uliitwa L'elisir d'amore. Unamhusu kijana wa kijijini asiye na kitu, ambaye tapeli anamuuzia mvinyo na kumwambia ni dawa ya mapenzi. Ungedhani watu wa kwao wangempokea kwa vifijo. Walimpokea kwa ubaridi, na waandishi wa magazeti wakamkosoa. Mji ule ulikuwa na makundi ya watazamaji waliozoea kubembelezwa kabla ya kupiga makofi, na inasemekana yeye hakuwabembeleza. Aliumia sana. Aliapa kwamba Naples atakuja kula chakula cha kwao na kuona jamaa zake, lakini kuimba hataimba tena. Sisi tunaona hasira hiyo ilizidi kipimo, lakini hatukuwa sisi tuliosimama pale jukwaani.

Miezi michache baadaye, Aprili 1902, alirekodi nyimbo 10 katika chumba cha hoteli mjini Milan kwa malipo ya pauni 100. Aliimba mbele ya pembe kubwa iliyokusanya sauti. Santuri zile zilimfikisha kwa watu ambao hawangeweza kamwe kununua tiketi ya opera. Kampuni iliyomrekodi ndiyo ambayo baadaye, mwaka 1928 huko Bombay, ilirekodi sauti ya Siti binti Saad wa Zanzibar.

Mwaka 1903 Caruso alianza kuimba katika jumba la Metropolitan, New York, na huko ndiko alikojenga maisha yake. Aliimba humo zaidi ya mara 800. Sisi watu wa redio tuna sababu yetu ya kumkumbuka. Tarehe 13 Januari 1910, mvumbuzi Lee de Forest alirusha sauti yake hewani moja kwa moja kutoka jumba hilo. Waliokuwa na vifaa vya kupokea walikuwa wachache, na sauti ilikwaruza, lakini hayo yalikuwa miongoni mwa matangazo ya kwanza kabisa ya muziki duniani.

Tarehe 11 Desemba 1920, akiwa jukwaani Brooklyn, alianza kutoka damu mdomoni. Aliendelea kuimba huku akiifuta kwa leso, leso moja baada ya nyingine, hadi onyesho likasimamishwa. Na mchezo wa usiku huo ulikuwa uleule, L'elisir d'amore. Aliimba mara ya mwisho mkesha wa Krismasi mwaka huo. Utando unaozunguka mapafu ulikuwa umejaa usaha, na madaktari wakampasua mara kadhaa ili kuutoa. Penisilini ilikuwa bado haijagunduliwa. Iligunduliwa mwaka 1928.

Alipopata nafuu kidogo alirudi Italia na mkewe Mmarekani, Dorothy, pamoja na binti yao Gloria, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili. Hali ikabadilika tena. Alikuwa njiani kwenda Roma kutibiwa, akapumzika Naples, na hapo safari ikaishia.

Mwili wake ulitiwa dawa usioze, ukawekwa ndani ya jeneza la kioo katika makaburi ya mji huo. Kwa miaka kadhaa watu walipita kumtazama. Waliomkosa akiimba sasa walipewa uso wake, kimya, amevalia suti. Dorothy hakupenda mumewe atazamwe hivyo, na hatimaye jeneza likafunikwa kwa jiwe.