Mariama Bâ na njia mbili za kuendelea kuishi

Mariama Bâ alizaliwa Dakar, nchini Senegal, tarehe 17 Aprili 1929. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, kwa hiyo akalelewa na babu na bibi wa upande wa mama, katika nyumba ya Kiislamu iliyoshika desturi. Alisoma Kurani na akafunzwa kazi za nyumbani. Wazee wale hawakuona haja ya msichana kuendelea mbali na masomo ya Kifaransa. Ni baba yake, mtumishi wa serikali ambaye baadaye alikuwa waziri wa afya, aliyeshikilia kwamba lazima asome.

Mwaka 1943 alifanya mtihani wa kuingia shule ya ualimu ya wasichana huko Rufisque, akatoka wa kwanza katika Afrika Magharibi yote iliyotawaliwa na Ufaransa. Mwaka 1947 alimaliza, akaanza kufundisha. Alifundisha kwa miaka 12 hivi, mpaka afya ilipomlazimisha kuacha darasa na kuhamia ukaguzi wa shule.

Aliolewa na Obèye Diop, mwanasiasa na mbunge. Alikuwa mama wa watoto 9. Ndoa hiyo iliishia kwenye talaka, naye akabaki na kazi ya kulea watoto huku akiendelea na utumishi. Aliingia pia katika vyama vya wanawake vya Dakar, ambako alizungumza na kuandika juu ya ndoa za wake wengi, elimu ya wasichana na haki za mwanamke aliyeachwa. Alikuwa na miaka 50 kitabu chake cha kwanza, *Une si longue lettre*, kilipotoka mwaka 1979.

Ndugu msomaji, wengi wetu katika kitivo hiki tumekisoma kwa ajili ya mtihani. Ramatoulaye, mwalimu, mama wa watoto 12, amefiwa na mumewe Modou. Akiwa ndani ya eda ya miezi 4 na siku 10, anamwandikia barua rafiki yake Aissatou. Miaka kadhaa kabla ya kifo chake, Modou alikuwa ameoa Binetou, rafiki wa binti yao Daba, akaitupa nyumba yake ya kwanza. Aissatou naye aliletewa mke mwenza, lakini yeye hakukubali: alimwandikia mumewe barua, akachukua wanawe, akasomea ukalimani, na mwisho akafanya kazi kwenye ubalozi wa Senegal huko Marekani.

Watu husema haraka kwamba mwandishi alijieleza mwenyewe katika Ramatoulaye. Wote wawili ni walimu na wana watoto wengi. Lakini Mariama Bâ alikuwa ameachana na mumewe, wakati Ramatoulaye alibaki katika ndoa mpaka kifo. Aliyetoka ni Aissatou. Mimi naona kwamba mwandishi alimpa mwenye kusimulia njia ambayo yeye hakuifuata, na ile aliyoifuata akampa rafiki. Kisha hakumfanya hata mmoja amcheke mwenzake. Aissatou, aliyeondoka, ndiye anayemnunulia gari Ramatoulaye, aliyebaki.

Jambo hili nililielewa vizuri zaidi nyumbani kuliko darasani. Yaya yangu alirudi kwa wazazi akiwa na watoto watatu. Watu walikuja kumsalimia kama vile wanakuja kwenye kilio. Wengine walimwambia angevumilia, wengine walimwambia alichelewa kutoka. Kila mmoja alikuwa na hukumu yake. Kifaransa cha kitabu kinamchosha, na tafsiri ya Kiswahili, *Barua Ndefu Kama Hii*, sikuwa nayo mkononi. Basi jioni, wakati anatwanga sombe, nilimsimulia sura kwa sura katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi.

Nilifikiri atapenda barua ya Aissatou kwa mumewe, ile ambayo wanafunzi wote huitaja. Aliisikiliza tu, akaendelea kutwanga. Alichoniomba nirudie ni vitu vidogo: Ramatoulaye anakwenda sinema peke yake na watu wanamtazama, Ramatoulaye anajifunza kulipa mwenyewe umeme na maji, kazi ambayo zamani ilikuwa ya mumewe, Ramatoulaye anajifunza kuendesha gari. Tulipofika pale anapomkataa Daouda Dieng, mtu mwema aliyempenda tangu ujana, yaya aliacha mchi akanibishia. Alisema mwanaume kama huyo hakataliwi. Nilimweleza kwamba Daouda ana mke, na Ramatoulaye hataki kumfanyia mwanamke mwingine kile alichofanyiwa yeye. Tulibishana mpaka chakula kikachelewa. Tangu arudi nyumbani, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akizungumza juu ya ndoa iliyovunjika bila kuwa yeye mshtakiwa.

Kama mwanafunzi wa isimu, kuna jambo jingine lililonishika wakati wa kusimulia. Katika Kiswahili mwanaume huoa, mwanamke huolewa. Mwanaume huacha, mwanamke huachwa. Kiambishi kile kidogo cha -w- kinamfuata tangu harusi mpaka talaka, na tukitaka kupunguza ukali tunasema ameachika, kana kwamba jambo limetokea lenyewe. Nilipofika kwa Aissatou nilisema ameachwa. Yaya akanisahihisha: huyo aliacha. Kwa Ramatoulaye, ambaye hakupewa talaka wala hakuondoka, tulikosa kitenzi. Tulisema tu kwamba alibaki nyumbani kwake.

Mwaka 1980 kitabu hicho kilipata Tuzo ya Noma, iliyotolewa mwaka huo kwa mara ya kwanza kwa vitabu vilivyochapishwa Afrika. Mariama Bâ hakuishi sana baada ya hapo. Saratani ilimchukua tarehe 17 Agosti 1981, hapo hapo Dakar, na riwaya yake ya pili, *Un chant écarlate*, ilitoka yeye akiwa amekwisha kufariki. Shule ya wasichana katika kisiwa cha Gorée ina jina lake.

Mwaka 2007 barua ya Ramatoulaye ilitoka kwa Kiwolofu, ikiwa imetafsiriwa na wanawake wawili, mwandishi Mame Younousse Dieng na mwanaisimu Arame Fal. Ilichukua karibu miaka 30 kwa kitabu hicho kurudi katika lugha ambayo wanawake wa Dakar huitumia wanapozungumzia ndoa zao. Sisi tunaosomea lugha za Kiafrika tungefaa kuitazama kazi hiyo kwa makini. Mwanamke aliyerudi kwa wazazi wake huko Kenya ya Lubumbashi au Katuba hana muda wa kufungua kamusi ya Kifaransa. Anahitaji kitabu ambacho anaweza kukibishia akiwa na mchi mkononi.