Bose na somo la mawimbi ya redio

Aghalabu mwanafunzi wa fizikia hukariri kwamba mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwangaza, ilhali hajapata kuyanasa wala kuyachuja kwa mikono yake. Nikiwauliza walimu wenzangu hapa Mukumu sababu, jibu huwa moja: vifaa havipo. Maisha ya Jagadish Chandra Bose yananifanya nisiridhike na jibu hilo.

Bose alizaliwa Bengal mwaka 1858, India ikiwa chini ya Mwingereza. Baba yake, ingawa alikuwa ofisa wa serikali, alimpeleka kwanza katika shule ya Kibengali, akaketi na watoto wa wavuvi na watumishi. Baada ya masomo ya Cambridge, mwaka 1885 aliajiriwa kufundisha fizikia katika Chuo cha Presidency, Calcutta. Kwa kuwa alikuwa Mhindi, alipangiwa mshahara mdogo kuliko wa Waingereza. Kwa miaka 3 aliukataa huku akifundisha, hadi alipolipwa haki yake yote.

Maabara ya kufaa haikuwepo. Alikigeuza chumba kidogo kuwa karakana, na fundi bati wa kienyeji akamsaidia kuunda mitambo. Humo alizalisha mawimbi yenye urefu wa milimita chache tu. Ili apitishe yale ya mwelekeo mmoja na kuyazuia mengine, alipachika karatasi za bati baina ya kurasa za kitabu cha ratiba ya reli. Ili aonyeshe jinsi mwelekeo huo unavyozungushwa, alisokota nyuzi za juti, zao la kwao kama katani ilivyo kwetu. Mwaka 1895, mbele ya watu wa Calcutta, mawimbi yake yalipenya kuta, yakapiga kengele na kulipua baruti. Mwaka 1897 aliwaonyesha wataalamu wa London mitambo hiyo. Kigunduzi chake cha jiwe la galena, kilichopata hataza ya Marekani mwaka 1904, ni babu wa diodi za leo.

Alifariki mwaka 1937, akiacha taasisi ya utafiti aliyoianzisha mwaka 1917 na wanafunzi waliotukuka, miongoni mwao Satyendra Nath Bose na Meghnad Saha.

Asije mtu akasema kwamba shule basi ziachwe bila maabara. Bose alitoa fedha mfukoni mwake, na hiyo ilikuwa dhuluma, si mfano wa kuigwa. Tudai vifaa bila kuchoka. Lakini tukivingoja, waya wa shaba uliozungushwa kwenye kopo, kapasita, diodi na kisikizio vyatosha kuanzia. Koili na kapasita zitachagua masafa, diodi itakata nusu ya wimbi, kisha sauti iliyobebwa itasikika, bila betri. Mwanafunzi aliyeyaunda hayo mwenyewe ataielewa milinganyo iliyo ubaoni. Yule aliyekariri tu ataisahau mtihani ukiisha, na taifa litaendelea kununua kwa wengine maarifa ambayo vijana wake wangeweza kuyazalisha.