AHMAD IBN MAJID, MWALIMU WA NYOTA NA BAHARI

Sisi wa Ganze bahari tunaiona tukishuka Kilifi ama Malindi, lakini nyota tunazo kila usiku. Babu yangu huangalia Kilimia ajue kama msimu wa kupanda umekaribia. Mimi nilidhani mambo hayo na hesabu ni mbali mbali kama mbingu na ardhi. Kumbe sivyo! Leo nawaletea maisha ya mtu aliyeishi kwa nyota na namba, ambaye jina lake limechafuliwa hapa pwani kwa miaka mingi.

Ahmad ibn Majid alizaliwa katika karne ya 15 huko Julfar, karibu na Ras al-Khaimah ya leo katika Falme za Kiarabu. Babu yake na baba yake walikuwa waongozaji wa vyombo katika Bahari ya Shamu. Kwa Kiarabu mtu wa kazi hiyo aliitwa muallim, na hata mabaharia wa pwani yetu zamani walimwita mwalimu yule aongozaye chombo. Kijana Ahmad alirithi maarifa ya wazee wake lakini hakuyameza mazima mazima. Aliyapima mwenyewe baharini, na penye kosa akasahihisha.

Sasa tuje kwenye namba. Baharia alinyoosha mkono mbele, akapima nyota ya Jaa iko vidole vingapi juu ya upeo wa bahari. Vibao vidogo vya mti navyo vilitumika badala ya vidole. Duara zima lilihesabiwa kuwa vidole 224, kwa maana dira ilikuwa na pande 32 na kila upande ni vidole 7. Gawanya 360 kwa 224, utaona kidole kimoja ni kama digrii 1.6.

Chombo kikielekea kaskazini moja kwa moja, Jaa hupanda. Safari ilihesabiwa kwa zamu za saa tatu tatu, na zamu nane, yaani usiku na mchana, huinua Jaa kidole kimoja. Basi tuseme leo ni vidole 5. Kesho ni 6, kesho kutwa 7, mtondo 8. Hata mtoto ataona kuwa tunaongeza moja. Lakini kanuni ni zaidi ya kujua kinachofuata. Baada ya siku n kipimo ni 5 + n, kwa hiyo nahodha anayetafuta bandari ya vidole 11 anajua tangu mwanzo kwamba, upepo ukiwa mzuri, zimebaki siku 6.

Chombo kikienda mshazari, zamu nane hazitoshi. Kikienda mashariki ama magharibi kabisa, Jaa haipandi wala haishuki. Ibn Majid alieleza tofauti hizo kwa pande za dira. Na huku kwetu kusini ya ikweta ambako Jaa imezama? Walipima nyota mbili za Farkadani, na hizo zikishuka sana, nyota za Dubu Mkubwa.

Nilitaka kuhakikisha, nikachukua kalamu. Digrii moja ni kama kilomita 111, kwa hivyo kidole kimoja ni kilomita 178 hivi. Kwa saa 24 ni kilomita 7 na kitu kila saa. Mwendo wa jahazi hasa! Hapo nikaamini.

Mnamo 1462 alitunga shairi refu la elimu ya bahari, na mnamo 1490 hivi akamaliza kitabu chake kikubwa, Kitab al-Fawaid. Shairi lake jingine laeleza njia ya pwani ya Afrika Mashariki hadi Sofala, Msumbiji. Alitumia mashairi ili kanuni zishikike kichwani. Wanachama wenzangu, tusiseme tena kuwa ushairi na hesabu haviivi chungu kimoja!

Habari zake zinaishia kama mwaka wa 1500. Lakini maneno hayakuisha. Tulipotembelea nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi, wenzangu walimwita Ibn Majid msaliti, ati ndiye aliyewapeleka Wareno India. Nami nikaitikia. Baadaye nilisoma nikaona aibu. Ni kweli kwamba Vasco da Gama alipewa mwongozaji Malindi, akaondoka tarehe 24 Aprili 1498 na kufika Calicut tarehe 20 Mei. Lakini habari za Wareno wenyewe zasema mtu huyo alikuwa wa Gujarati, India. Aliyemtaja Ibn Majid ni mwanachuoni wa Makka, Nahrawali, aliyeandika zaidi ya miaka 70 baadaye. Wanahistoria wengi leo hawakubali kuwa ni yeye.

Ndugu zangu, namba 1, 2, 4 zaweza kufuatwa na 8, ukizidisha kwa mbili. Zaweza pia kufuatwa na 7, ukiongeza 1, kisha 2, kisha 3. Anayekimbilia jibu hukosa. Mimi nilikosa kwenye hesabu mara nyingi, lakini pale kwenye nguzo nilikosa kwa jina la mtu, tena marehemu asiyeweza kujitetea. Ibn Majid hakuwaamini hata babu na baba yake mpaka amepima. Nasi tupime kwanza, ndipo tuseme.